Kufundisha mwendo kwa sikio: kihisi cha mguuni na mgongoni

Mtu akitembea hajioni. Ukimwekea kioo atatazama uso. Ukimwambia atazame miguu atainamisha kichwa, na mwendo uliotaka kuurekebisha utaharibika hapo hapo. Sikio ndilo lililo huru, kwani husikiliza huku macho yakiangalia njia. Kifaa kidogo kinachofungwa mguuni au mgongoni, kikapima na kutoa sauti kwa wakati wake, huutumia uhuru huo. Hapa tunaeleza namna ya kukiunda, kukifunga na kukitumia Mombasa, penye joto, jasho, hewa ya chumvi, watu wa patipati na barabara za tuktuk.

Wapo wasiofaa kuanza peke yao: aliyepata kiharusi karibuni, mwenye ugonjwa wa Parkinson ambaye miguu humganda, aliyevunjika nyonga, mwenye kizunguzungu, na yeyote aliyeanguka mwaka huu. Hao waanze kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na katika mazoezi awepo mtu ubavuni upande ulio dhaifu, ameshika mkanda wa kiunoni. Asishike mkono; mtu akianguka, mkono uliovutwa huteguka bega. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimeingia ganzi asiwekewe kihisi cha aina yoyote ndani ya kiatu. Kitu kigumu chenye unene wa milimita moja chatosha kumfanyia kidonda asichokisikia.

Pima kabla ya kununua chochote

Tafuta sakafu iliyonyooka ya mita 14. Weka alama ya kwanza kwenye mita 2 na ya pili kwenye mita 12. Mwenye kufanyiwa kipimo aanze kutembea kutoka sifuri na asisimame hadi mita 14, ila saa yako iende katika zile mita 10 za kati pekee, maana mita 2 za mwanzo ni za kushika kasi na 2 za mwisho ni za kupunguza. Hesabu hatua ndani ya mita hizo 10. Rudia mara tatu uchukue wastani.

Tuseme alitumia sekunde 12.5 na hatua 22. Kasi yake ni mita 0.8 kwa sekunde, urefu wa hatua ni kama sentimita 45, na mdundo wake ni hatua 106 kwa dakika. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya hatua 100 na 120 kwa dakika. Ongeza na jaribio la kiti: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Kwa mzee, sekunde 12 na zaidi ni dalili ya hatari ya kuanguka. Andika tarakimu hizi daftarini pamoja na tarehe na viatu alivyovaa, kwa sababu patipati na raba hutoa majibu tofauti kwa mtu yule yule.

Sasa chagua kosa moja. Moja tu. Anayeburura miguu au mwenye hatua zisizolingana anahitaji mdundo. Anayetua kwa vidole badala ya kisigino anahitaji sauti ya kila kisigino kinapogusa. Anayepinda mgongo anahitaji kengele ya mkao. Ukimpa zote tatu kwa pamoja hatajua ipi inamsemesha kuhusu nini, na ndani ya dakika tano ataacha kuzisikiliza zote.

Aliyehitaji mdundo tu hana haja ya kuunda kitu. Programu ya bure ya metronomi (yenye kupiga mlio kwa mwendo sawa) kwenye simu, simu ikiwa ndani ya mkoba wa kiunoni, yatosha. Njia hii si ya jana: tangu miaka ya 1990, Michael Thaut na wenzake huko Colorado, Marekani, waliichunguza kwa waliopata kiharusi na wenye Parkinson. Weka mdundo sawa na ule uliopima, 106 kwa mfano wetu, na umwache auzoee wiki nzima. Kisha panda asilimia 5, yaani 111, na baadaye asilimia 10, 117. Kila unapopandisha, rudia kipimo cha mita 10. Hatua zikiwa nyingi zaidi na kasi ile ile, umezidisha: anakata hatua fupi fupi ili kuukimbilia mlio. Teremka.

Mwenye Parkinson ambaye hatua zake hujikimbiza zenyewe asipandishiwe kabisa. Mteremshie mdundo kidogo chini ya wake, na ubandike vipande vya utepe wa rangi sakafuni kwa umbali unaotaka avuke.

Je, muziki? Unafaa, ukiwa na kipigo cha wazi cha mbili au nne. Chakacha ina mtikisiko wa sita kwa nane. Mwenye sikio zuri atakanyaga vile vipigo viwili vikubwa, lakini asiye nalo atafuata vile vidogo na kuanza kutapatapa. Na kusema kweli, ngoma ile iliundwa kwa ajili ya viuno.

Vifaa vya kuunda

Kwa kihisi kimoja utahitaji:

– Bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha kifaa) yenye soketi ya betri.
– Kihisi cha MPU-6050, kile kinachouzwa kwenye kibodi (yaani bodi ndogo) cha GY-521. Ndani yake mna akselerometa (hupima mtikisiko na mvutano wa dunia) na jairoskopu (hupima kasi ya mzunguko), kila kimoja kwa mihimili mitatu.
– Betri ya lithiamu ya volti 3.7, mAh 500 hadi 1,000.
– Hedifoni ya waya, rezista ya omu 470 na kapasita ya mikrofaradi 10.
– Mkanda wa lastiki wa upana wa sentimita 4 na velkro, kutoka wanakonunua mafundi cherehani.

Soketi ya betri tumeitaja kwa makusudi. Bodi nyingi za bei nafuu hupunguza umeme kwa kipande kiitwacho AMS1117, ambacho hutaka volti moja hivi ya ziada juu ya 3.3. Ukiunganisha betri ya 3.7 kwenye pini ya 5V, bodi itapata chini ya 3, nayo itajizima na kujiwasha mara kwa mara, hasa redio ya bodi (Wi-Fi au Bluetooth) inapowaka. Fundi atatafuta kosa kwenye programu siku mbili nzima, kumbe ni umeme. Pawabenki ni njia ya mkato, ila nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo mno.

Ukitumia kibodi cha kuchajia cha TP4056, kumbuka kwamba kinatoka dukani kimepangwa kusukuma ampea 1 kwa rezista ya kilo-omu 1.2. Hiyo ni kali kwa betri ya mAh 500. Badilisha rezista hiyo kwa ya kilo-omu 5, ipungue hadi karibu mA 250. Usichaji kifaa kikiwa mwilini, wala usikiache ndani ya gari juani.

Nyaya ni chache. VCC (umeme) ya kihisi iende 3.3V ya bodi, GND (upande hasi) kwa GND, SDA (data) pini 21, SCL (saa ya data) pini 22. Sauti itoke pini 25, ipitie rezista ya 470, kisha kapasita, ndipo iingie kwenye hedifoni. Maungio yote yachomewe lehemu. Nyaya za kuchomeka hufunguka hatua ya ishirini.

Hewa ya pwani hula shaba. Baada ya kujaribu kila kitu, paka maungio rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, uache soketi peke yake bila kupakwa. Kisha funga kifaa ndani ya kijaluba kidogo cha plastiki chenye kipande cha sponji upande wa ngozi. Usikifunge moja kwa moja juu ya ngozi: jasho litaleta harara siku ya pili, na mgonjwa mwenye harara hakivai tena. Kivaliwe juu ya soksi ndefu au fulana nyembamba ya pamba. Anayevaa dera, buibui au kanzu avae kifaa ndani, juu ya fulana. Ukikibandika juu ya nguo pana utakuwa unapima kitambaa kinavyopepea.

Pahali pa kukifunga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kuliko kwenye programu.

Kwa mwendo, kifunge ubavuni mwa mguu upande wa nje, sentimita 10 juu ya kifundo. Mbele kwenye muundi mfupa huuma, na nyuma kwenye shavu la mguu nyama hutikisika kila hatua. Kibodi kisimame wima, uso wake wenye vifaa ukitazama nje. Kwa kukifunga hivyo, mhimili wa Z ndio unaotoka pembeni, na mguu unapopunga mbele mzunguko wote husomeka kwenye huo mmoja. Angalizo: ukikihamisha kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto alama hugeuka, chanya ikawa hasi. Kila ukifunga, mwambie apunge mguu mbele mara moja. Namba isipokuwa chanya, izidishe kwa −1.

Vihisi vya mgandamizo vya ndani ya kiatu, kama FSR 402 yenye duara la milimita 13 hivi, hupendwa sana kwenye maelezo ya mtandaoni. Kwa mtu wa raba za kufunga vinafaa: rezista ya kilo-omu 10 hadi GND, kihisi hadi 3.3V, katikati pini 34, na kibandikwe chini ya soli ya ndani, kisiginoni. Lakini mjini hapa watu wengi wamevaa patipati, na kihisi kisichobanwa na kiatu hakikai. Isitoshe ule mkia wake hukatika unapokunjwa, na jasho huupotosha usomaji. Ukikitumia, kiulize jambo moja tu, kisigino kimegusa au hakijagusa. Usikigeuze mizani ya kilo.

Kwa mkao, kihisi kiwekwe juu mgongoni, chini kidogo ya ile pingili inayotokeza shingoni mtu akiinama. Kimoja pekee kina upofu wake: mtu aliyepiga kibyongo na mtu aliyeinama kutoka nyonga mgongo ukiwa umenyooka hukipa pembe ile ile. Dawa yake ni kihisi cha pili, usawa wa mkanda wa suruali, juu ya mfupa wa nyuma ya kiuno. Kwenye hicho cha pili unganisha pini ya AD0 na 3.3V, anwani yake itabadilika kutoka 0x68 kuwa 0x69, na vyote viwili vitatumia nyaya zile zile. Tofauti ya pembe zao ndiyo kipimo cha mgongo kupinda. Waya kati yao usizidi nusu mita, na kasi ya mawasiliano ibaki kilohezi 100.

Programu: mambo ya lazima

Soma mara 100 kwa sekunde. Jairoskopu iwekwe kwenye kiwango cha digrii 500 kwa sekunde, ambapo kila digrii ni 65.5 ya namba ghafi. Mwenye kasi akizidi kiwango hicho, panda 1,000. Kabla ya kuanza, kifaa kilale mezani sekunde 3, chukua wastani wa namba za jairoskopu na uutoe kwenye kila usomaji utakaofuata. Kiwe mezani kweli, kwani mguu wa mzee hautulii sekunde 3.

Kugundua kisigino: mguu unapopunga, namba hupanda hadi kilele, ambacho kwa mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida mara nyingi huzidi digrii 200 kwa sekunde. Kisha hushuka, huvuka sifuri, na lile bonde la kwanza chini ya sifuri ndilo wakati kisigino kinapogusa. Kwa hiyo programu ingoje kilele juu ya kizingiti, halafu ingoje bonde, ndipo itoe sauti. Kizingiti kiwe nusu ya kilele cha wastani cha mtu huyo huyo. Ukitumia 200 kwa kila mtu, anayeburura mguu hatasikika hata mara moja. Baada ya kila mlio, puuza kila kitu kwa milisekunde 500. Mguu ule ule hauwezi kurudi chini mapema hivyo, kwa sababu hata kwenye hatua 120 kwa dakika, kisigino kimoja hugusa mara moja kwa sekunde.

Ukitaka kulinganisha kulia na kushoto utahitaji bodi mbili zinazowasiliana kwa ESP-NOW, njia ya redio ya bodi hizo zenyewe, ambayo ni nyepesi na haihitaji Wi-Fi ya nyumbani. Kwa mfano, hatua ya kulia milisekunde 620 na ya kushoto 540: uwiano ni 1.15, na lengo ni kuushusha kuelekea 1. Redio ikiwaka, usisome FSR kwenye pini za ADC ya pili (ADC ni sehemu ya bodi inayosoma volti). Tumia 32 hadi 39.

Kwa mkao, pembe ya akselerometa ni atan2(az, ay), hesabu ya pembe kutokana na usomaji wa mihimili ya Z na Y, uso wa kibodi ukitazama nyuma na Y ikielekea juu. Yenyewe hurukaruka kila hatua, nayo jairoskopu huteleza polepole hadi ikasema uongo, basi changanya zote mbili: pembe mpya = 0.98 × (pembe ya zamani + kasi ya mzunguko × 0.01) + 0.02 × pembe ya akselerometa. Hiyo hufaa mtu aliyeketi. Kwa anayetembea weka 0.995 na 0.005, vinginevyo kila hatua itakitikisa kihisi kikaripoti kuinama kusikokuwepo.

Kengele ilie pembe ikizidi digrii 12 kutoka mkao wake wa mwanzo kwa sekunde 4 mfululizo, na inyamaze ikirudi chini ya 7. Ukitumia namba moja kwa kulia na kunyamaza, itakuwa inakatikakatika mpakani. Mkao wa mwanzo uchukuliwe amesimama wima bila kujikakamua, pumzi imeshuka, kwa sekunde 5. Mzee ambaye mgongo umeshakakamaa usimlazimishe ukutani; chukua mkao bora anaoweza kuushika dakika nzima.

Sauti yenyewe

Buza zile zinazojilia zenyewe zikipewa umeme hutoa mlio mkali wa hezi 2,000 na zaidi. Wazee wengi hupoteza kwanza sauti za juu, na wanaozisikia huzichukia. Tumia mlio wa hezi 500 hadi 1,000, milisekunde 60 kwa kisigino na milisekunde 200 kwa mkao. Kwa miguu miwili tumia sauti mbili, mathalani 600 kushoto na 800 kulia.

Ucheleweshaji ndio adui mkubwa. Kwenye hatua 110 kwa dakika, hatua moja ni milisekunde 545. Hedifoni nyingi za Bluetooth huchelewa milisekunde 150 hadi 250, yaani sauti ya kisigino cha kulia hufika mguu wa kushoto ukiwa umeshaanza kupunga, na ubongo huunganisha sauti na kosa lisilo lake. Kwa sauti za hatua tumia waya. Kwa kengele ya mkao, Bluetooth haina neno, maana imeshangoja sekunde 4. Na kwa metronomi pia haidhuru, kwa kuwa kila mlio huchelewa sawasawa.

Sikio moja libaki wazi daima. Digo Road hakuna atakayekupigia honi mara mbili, na mkokoteni hauna honi kabisa.

Mazoezi

Anza ndani, ukumbini au barazani. Ukizoea, njia ya Mama Ngina ni pana na imesakafiwa vizuri. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya alasiri. Vichochoro vya Mji wa Kale viache kwanza, mawe yake yatamfanya abadili hatua kila mara na tarakimu zako hazitakuwa na maana. Mteremko wa feri ya Likoni nao usiutumie kupima mkao: mtu akipanda huinama mbele kwa haki yake, na kengele itamlaumu bure.

Wiki ya kwanza ni dakika 3 mara tatu, na mapumziko ya dakika 2 kati yake. Polepole fika dakika 20 hadi 30, siku tatu hadi tano kwa wiki. Kuanzia wiki ya pili anza kuiondoa sauti: dakika 3 na sauti, 1 bila, kisha 2 kwa 2, kisha 1 kwa 3. Sehemu hii watu huiruka kwa sababu mwendo huonekana mzuri sana sauti ikiwepo. Lakini anayesikia mlio kila hatua huutegemea kama bakora, na ukiuzima hurudi alikotoka. Kwa hiyo kipimo cha kila Ijumaa kifanywe kifaa kikiwa kimezimwa. Tarakimu hiyo ndiyo ya kuandika.

Kengele ya mkao ivaliwe saa moja au mbili kwa siku, mtu akiwa kwenye kazi inayompinda: cherehani, kompyuta, kaunta ya duka. Anayekuna nazi juu ya mbuzi aivue, maana pale hakuna mkao mwingine. Wakati wa sala izimwe kabisa, kwani rukuu ni digrii 90 na walio safuni hawana kosa.

Yanayokwenda mrama

Mlio mara mbili kwa hatua moja: mkanda umelegea na kifaa kinagonga mguu. Kaza hadi kidole kimoja tu kipite chini yake.

Mlio haupo upande dhaifu: kizingiti kiko juu mno. Pima upya kilele cha mguu huo peke yake.

Namba zote ni sifuri au zimeganda: kihisi hakionekani kwenye 0x68. Angalia SDA na SCL hazijabadilishana, kisha angalia kutu ya kijani kwenye maungio.

Pembe inapanda yenyewe mtu akiwa amesimama: kifaa kilisawazishwa kikiwa na joto tofauti, mara nyingi chumba chenye feni halafu nje juani. Kiache nje dakika 5, kisawazishe huko huko.

Mvaaji anatembea vizuri ila analalamika maumivu mapya ya goti au kiuno: simamisha siku tatu, rudi kwenye mdundo wake wa mwanzo. Maumivu yakibaki, ampelekee mtaalamu wa fiziotherapia daftari la tarakimu pamoja na viatu vyenyewe.